Majina Niliyoandika kwa Penseli

Kwamboka mwanangu,

Barua za wazee huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Asubuhi nimekuona ukila chapati nne na kuuliza kama za jana ziliisha zote, kwa hiyo afya yako hainitii wasiwasi. Nianze basi na mahali nilipo. Niko studio, kwenye kiti cha wateja, kile chenye mguu mmoja mfupi ambacho umeniambia mara mia nikitengeneze. Wewe na mama yako mmekwenda Ekerenyo kumuaga nyanya yako. Ni Jumapili, saa nane mchana, na mvua ya Kisii bado haijaamua. Nimeegesha mlango ili wenye haraka ya picha za pasipoti wadhani sipo.

Kesho saa nne asubuhi basi lako linaondoka kwenda Sirare, kisha Mwanza, kisha Dar es Salaam. Habari za dawa, chakula cha njiani na watu wa kuogopa, mama yako ameziandika kwenye daftari la kijani. Nimelipitia. Ukurasa mzima unahusu sweta, ingawa nimemwambia Dar es Salaam joto lake halijui sweta. Huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na sita.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotulea sote watatu. Mama yako alikuja na Ekegusii chake, mimi nikaja na Kijaluo changu, tukakutana katikati. Ulipokuwa mdogo ulimwita mama yako "baba" kama watoto wa Kigusii wanavyowaita mama zao, na mimi ukaniita "tata". Wateja wageni walikusikia ukilia "Baba!" halafu wakamwona mwanamke mwenye kitambaa kichwani anatoka jikoni. Nilikuwa nawaacha washangae kidogo kabla ya kuwaeleza.

Jambo lenyewe linahusu ile picha yako ya Mzee Makori. Nimeiweka hapa mezani. Mikono miwili juu ya nyuzi nane za obokano, kidole gumba kimepasuka, ngozi ya ng'ombe ya kile chombo imesuguliwa mpaka inang'aa, na uso haupo. Picha imekatikia kwenye kidevu. Ndiyo iliyowafanya wale wapiga picha wa Dar es Salaam, wanaofuata wanamuziki na harakati za wananchi, wakuite ukae nao mwaka mzima. Niliposoma barua yao nilifunga studio mapema, jambo ambalo sikulifanya hata ulipozaliwa.

Chini ya picha uliandika: "Mzee Makori hapigwi picha ya uso. Wazee wa Kisii wanaamini kamera huchukua roho ya mtu." Wiki ijayo wataitundika ukutani, nawe utasimama mbele ya watu uieleze. Kwamboka, maelezo hayo ni ya uongo, na uongo huo nilikupa mimi ukiwa na miaka kumi na mmoja. Mzee Makori haogopi kamera. Anajikinga na mimi.

Sasa nimeshasema, mkono umepata nguvu kidogo. Mficha uchi hazai. Keti nikusimulie tangu mwanzo.

Nilikuja Kisii kijana, kutoka kule ziwani, na kamera moja na begi la nguo. Ekegusii sikujua hata salamu. Watu walinitazama kwanza: huyu Mjaluo atakaa, au anapita tu? Nikatafuta dawa, na dawa yangu ikawa majina. Nilipojifunza jina la mtu, na la baba yake, na la kijiji chao, nikalitamka sawasawa, mtu alicheka, akakaa, akapigwa picha. Mama yako mwenyewe nilimpata hivyo. Alikuwa kwenye kwaya iliyoimba Nyanchwa siku za makambi ya kanisa, mstari wa pili, nami nikauliza majina ya mstari mzima mpaka nikafika kwake. Hadi leo anasema nilijifunza majina kumi na tisa kwa ajili ya moja. Ni kweli, na hata lingekuwa la mia ningefika.

Ule ubao wa samawati sijui kama unaukumbuka. Ulisimama hapo mlangoni. Enzi za filamu nilikwenda harusini, makambini, mazishini, kwenye mikutano ya hadhara, nikampiga kila mtu bila kuagizwa. Nikirudi naosha picha, nazibandika zote ubaoni, na siku ya soko watu wanapita, wanajitafuta, wanachukua zao. Kila mpiga picha wa hapa alifanya hivyo. Tofauti ni kwamba wenzangu waliandika namba chini ya picha ili zisichanganyike. Mimi niliandika majina. Kwa penseli, kwa mwandiko mzuri: jina, jina la baba, mahali. Watu walileta wageni wao waone. "Njoo uone Mjaluo anajua sisi kuliko chifu." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana.

Ulikuwa darasa la kwanza mwaka ambao lori la majani chai lilianza kutofika Ekerenyo. Nyanya yako alichuma tangu alfajiri, akapeleka majani kwenye kituo cha kununulia, akakaa juu ya gunia lake mpaka jioni, lori halionekani. Kesho yake majani yamekuwa ya kahawia na karani anasema hayapokelewi. Leo hivyo, wiki ijayo hivyo. Wazee walikwenda kulalamika wakaambiwa barabara ni mbovu. Barabara hiyo hiyo gari la kuomba kura lilikuwa likiipita kila mara.

Makori wakati huo alikuwa na shamba lake la chai si mbali na la nyanya yako, na hakukuwa na harusi upande ule iliyofanyika bila obokano yake. Akatunga wimbo. Haukumtukana mtu. Uliliuliza lori limelala kwa nani, na kama limeolewa huko, basi sisi wazazi wake tuletewe ng'ombe. Wiki moja baadaye hata watoto wa shule waliuimba. Kisha Jumanne moja watu walijitwika yale majani yaliyooza ili wayapeleke mpaka kwenye ofisi ya chai na kuyamwaga langoni. Obokano, unajua, haipigwi mtu akitembea. Kwa hiyo kila walipopumzika mtu alimwekea Makori kigoda katikati ya barabara, akakaa, akapiga, watu wakaimba, kisha wakanyanyua mizigo yao tena. Safari ya saa moja iliwachukua nusu siku, na hakuna aliyeona ni ndefu.

Mimi nilikuwa mbele yao nikienda kinyumenyume, na filamu mbili. Siku hiyo nilipiga picha bora za maisha yangu. Moja ilikuwa ya Makori kigodani, lango nyuma yake, majani chai yamemwagika mpaka yamefunika viatu vyake, uso ameuinua na macho ameyafumba. Nilipoiona ikitokea ndani ya maji ya dawa nilimwita mama yako aje aione. Nilijua nina kitu. Na nikakifanya nini? Kile kile nilichofanya kwa kila harusi. Nikazibandika zote ubaoni. Nikaandika majina.

Siku ya pili akaja mtu mmoja mwenye koti zuri, mpole. Alisimama ubaoni muda mrefu. Nikatoka nikamkaribisha soda. Akaniambia, "Kazi yako ni safi. Na hawa wote unawajua?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikingoja kuulizwa tangu nishuke mji huu na begi langu. Nikamjibu, "Hata ambao sijawaandika nawajua." Nikamwonyesha kwa kidole. Yule ni fulani, mkewe anauza mboga. Yule aliwahi kuwa mwalimu. Huyu wa obokano ni Makori, shamba lake liko chini ya kanisa, ukifika pale uliza tu. Akanunua picha nne. Nikamtilia kwenye bahasha ya kaki, nikamwambia karibu tena.

Ijumaa asubuhi walichukuliwa watu saba. Makori alikaa ndani wiki tatu. Waliokuja kumchukua walimkuta ameketi na obokano yake, na mmoja akaikanyaga, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, sijui. Alipotoka, majani yake hayakupimwa tena kwenye kile kituo. Kila siku kulikuwa na kasoro. Mwishowe akamwachia ndugu yake shamba, akahamia Nyamarambe kwa dada yake, na huko ndiko ulikomkuta akiuza ndizi. Ulidhani amezaliwa huko. Sikukusahihisha.

Najua unajiuliza kama kweli nilikuwa mimi, au najibebesha. Makori aliona kwa macho yake. Walimwekea picha mezani, na chini yake jina lake kwa penseli, na ile M yangu yenye mkia mrefu ambayo mnaicheka. Mwandiko aliujua kwa sababu ulikuwa pia nyuma ya picha ya harusi yake. Mkewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuja kuniambia. Alisimama hapo mlangoni, hakutaka kuingia. Akasema, "Baba Kwamboka, mwandiko yako tumeiona." Basi. Akaenda zake.

Nilipasua ule ubao nikaufanya kuni, nikamwambia mama yako umeliwa na mchwa. Kumtembelea Makori ndani sikwenda. Alipotoka sikwenda. Kila Jumapili nilijiambia Jumapili ijayo, na Jumapili zikapita mpaka ikawa aibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Tangu siku ile sijaandika jina la mtu chini ya picha. Yale masanduku unayoyapekua kila ukija likizo, uliniuliza mara ngapi, "Baba, hawa ni akina nani?" nami nikakwambia baba yako ni mvivu. Haukuwa uvivu. Mkono uliogopa.

Halafu ile harusi ya Nyamarambe. Ulikuwa umenibebea begi la betri na nikakupa ile kamera ndogo ucheze nayo. Ukamwona mzee anapiga obokano kwenye kivuli cha hema, ukamwendea, ukainua kamera. Akavua kofia, akajifunika uso. Ukarudi kwangu karibu unalia, "Baba, nimemkosea nini?" Nilimtambua hata kabla hujamaliza. Yeye naye alikuwa amenitambua mimi nyuma yako. Hapo ningeweza kukuambia, au angalau ningeweza kunyamaza. Nikakwambia wazee wa Kisii wanaamini kamera huchukua roho.

Wazee gani hao? Wazee hawa hawa waliopanga foleni hapa studio na redio mapajani, wakidai niwapige tena kwa sababu redio haikuonekana vizuri? Nilichukua watu walionipokea, wakanipa mke, wakala harusi yangu na kunizikia mama, nikawafanya mwavuli wa kujikinga na mvua yangu mwenyewe. Na uongo ule ulikaa vizuri kwa sababu ni wa aina ambayo watu wa mbali hufurahia kuusikia. Huko uendako watautikisia kichwa na kusema ajabu. Ndiyo maana uongo huo umenikosesha usingizi kuliko hata lile jambo la kwanza. La kwanza nililifanya kwa ujinga. Hili nililifanya nikiwa najua.

Lakini wewe hukukubali kuishia pale. Ulirudi kwa Mzee Makori mwaka uliofuata, na uliofuata, bila kamera, ukakaa kwenye kreti ukamsikiliza akikaza nyuzi. Uligundua jambo ambalo mimi sikuligundua katika miaka yote ya kupiga wanamuziki: kwamba uso wa kweli wa mwanamuziki huja kabla ya wimbo, anapotafuta sauti na bado haijakubali. Sisi wengine tuliwapiga wakiwa wameachama, kila mwimbaji kama amepelekwa kung'olewa jino. Siku moja akakuambia, "Mikono unaweza chukua." Hukuwa umemwomba. Hakukuambia sababu ya uso, na hakukuambia lolote juu yangu, miaka yote hiyo. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja mbele ya mwanangu. Namshukuru kwa kila siku aliyonyamaza, ingawa sikustahili hata moja.

Na kuna siku nyingine ambayo sijawahi kukueleza ilinifanya nini. Ni ile vijana walipojaa barabarani hapa mjini, na bendera na chupa za maji na nyimbo kutoka kwenye simu. Nilikukataza kutoka. Nilisimama mlangoni, nikapaza sauti, nikasema maneno ambayo mama yako alinikemea baadaye. Ukapitia mlango wa nyuma. Jioni ulirudi macho mekundu kwa moshi, ukanionyesha picha kwenye kompyuta. Migongo. Miguu inayokimbia. Mikono juu. Shingo ya msichana na bendera imefungwa kwenye nywele. Picha zaidi ya mia mbili, wala sura moja. Nikakukejeli, kwa sababu nilikuwa bado na hasira: "Hawa watu wako hawana nyuso?"

Ukasema, bila kuinua kichwa, "Baba, watu wanatafutwa na picha. Hao ni mabeshte zangu. Siwezi kuwachomea kwa polisi."

Ulisema kama mtu anayesema kunanyesha. Nilitoka nikaenda kule nyuma, nikaosha trei iliyokuwa safi. Jambo lililonigharimu watu saba na jina langu kulijua, wewe ulilijua siku moja, na hakuna aliyekufundisha. Wiki mbili baadaye yule kijana mwimbaji, aliyekuwa akiongoza nyimbo na kipaza sauti, alikuja hapa. Ulikuwa umempiga picha ya uso siku ile, moja tu, umeificha hata mimi nisiione. Ukampa aitazame. Ukamwambia, "Ukisema ifutwe, naifuta ukiona." Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Iache, na uandike jina langu, mimi sijaiba kitu." Nilikuwa nyuma ya pazia la kubadilishia nguo. Nilisikia yote.

Hapo nikaona kwamba kumbe majina hayakuwa kosa. Miaka yote hii nilijiadhibu kwa kuyaacha, nikadhani ndiyo toba. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kwa sababu nalijua jina la mtu, basi ni langu la kugawa.

Basi Alhamisi nilikwenda Nyamarambe. Safari hii mama yako nilimwambia ukweli nikiwa bado nafunga viatu, kila kitu, kuanzia koti zuri mpaka kuni. Akasema, "Nilijua mchwa hawakukula huo ubao. Enda. Umekawia." Namshukuru Mungu kwa mwanamke huyo. Kumbe alikuwa amekaa na siri yangu miaka yote hiyo, akingoja niifungue mwenyewe.

Nilimkuta Makori anapanga ndizi. Amezeeka, lakini mabega bado yapo. Hakushtuka.

"Odhiambo," akasema. "Miaka hii yote, na barabara ni ya lami."

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha."

"Kaa kwanza. Msamaha haiombwi mtu amesimama kama karani."

Nikakaa kwenye kreti, nadhani ndiyo ile yako. Nikamweleza. Ya ubao na ya majina aliyajua. Ya soda hakuyajua. Nilipofika hapo aliacha kupanga ndizi akanitazama. "Hata soda ulimpatia?" Nikasema ndiyo. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mama wa kibanda cha jirani akageuka kutazama. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nalia, mwanangu, mzee mzima sokoni. Naye hakunizuia.

Alipotulia akasema, "Mimi sikukasirikia picha. Picha ilikuwa mzuri. Hata wale polisi walisema ni mzuri. Nilikasirika juu ulijua nyumba yangu mpaka ukaelekeza mtu, halafu wewe mwenyewe hukukuja."

Nikamwambia ni kweli, sikuja. Kisha nikamweleza habari ya maelezo yaliyo chini ya picha yako.

"Kwamboka ameandika mimi naogopa kamera?"

"Ni mimi nilimwambia hivyo."

Akachukua ndizi moja akaitazama, akairudisha. "Mimi nataka uso yangu ionekane kabla sijakufa. Na jina yangu. Lakini wewe hapana, Odhiambo. Wewe hutanipiga. Msichana ndiye atanipiga. Na ataandika vile ilikuwa, yote, mpaka hiyo ya soda."

"Aandike ni babake?"

"Hiyo ni wewe utamwambia. Akikataa, mikono inatosha."

Kwa hiyo hali ndiyo hii. Kesho saa mbili asubuhi Mzee Makori atakuwa hapa studio, saa mbili kabla ya basi lako. Anakuja na boda ya kwanza, na obokano amejifunga mgongoni. Ukitaka, utampiga picha ya uso, na utaiweka kando ya ile ya mikono, na chini yake utaandika nilichokuandikia hapa. Usipotaka, mpe chai, umuage, uende na mikono yako, hakuna atakayekulaumu. Ninachokuomba ni kimoja tu: yale maneno ya roho na kamera uyafute. Hata usipoweka mengine mahali pake.

Nikuambie ninachoogopa, maana usije ukadhani baba yako amekuwa shujaa uzeeni. Naogopa wakwe zangu wa Ekerenyo, kwa sababu miongoni mwa wale saba yumo mtu wa ukoo wao, na siku hizi picha ikitundikwa Dar es Salaam asubuhi, jioni iko kwenye simu ya mjomba wako. Nitakwenda kwao mwenyewe kabla picha haijafika. Safari hii sitangoja Jumapili. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni wewe. Tangu udogo wako umenitazama kwa namna fulani ninapoinua kamera, na nimeishi kwa kutazamwa hivyo. Naogopa kesho utanitazama vingine. Ukinitazama vingine nitavumilia, na bado nitakupenda vile vile, na bado nitakuwa nimepata zaidi ya nilichostahili.

Maana nikihesabu, na leo mchana kutwa sijafanya lingine, sioni deni la dunia kwangu. Mji nilimokuwa sina jina ulinipa mamia ya majina. Mtu niliyemvunjia chombo alimfundisha mwanangu kusikiliza. Na mwanangu amekuwa mpiga picha ambaye mimi nilipaswa kuwa, na akawa hivyo akiwa amelala chumba cha pili kutoka kwangu. Asante, Kwamboka. Asante kwa ule mlango wa nyuma uliopitia nilipokukataza. Ungenitii siku ile, leo nisingekuwa na ujasiri wa kuandika hata mstari.

Huko uendako utakutana na watu wanaoimba wakiwa na hofu, na wengine wanaoandamana wakicheka. Kaa nao hata wimbo ukiisha. Nyumba yao ukiijua, irudie. Hayo mengine unayajua kuliko mimi.

Mvua imeanza. Nimesikia sauti ya mama yako huko nje akibishana na mtu wa boda, kwa hiyo mmefika. Barua hii naitia chini ya kamera yako, kwenye begi, mahali ambapo utaiona kabla hujala.

Kesho, ukikubali, studio ni yako. Taa utaziweka unavyotaka. Mzee Makori hataki nyuma yake maporomoko ya maji wala ndege iliyochorwa ukutani kwetu. Amesema anataka kitambaa cheupe. Ule ufito wa kukitundikia ulivunjika mwezi uliopita, unakumbuka, kwa hiyo lazima mtu akishike. Nitakishika mimi. Nitasimama nyuma yake nimeinua mikono, na uso wangu utakuwa umefunikwa, na wake utakuwa wazi.

Na ukifika kwenye maelezo, usiandike "mpiga picha mmoja wa mjini". Nimeliandika jina langu hapa chini kwa wino, ulinakili lilivyo.

Odhiambo, mpiga picha, Kisii. Baba Kwamboka.